Ndoo Ndogo Iliyonivunja Kiuno

Nimefanya biashara ya dagaa miaka 11. Miaka yote hiyo nimeburuta magunia, nimesukuma mikokoteni iliyokwama kwenye tope la masika, nimelala juu ya mzigo ndani ya boti kutoka Goziba mpaka Mwanza, na kiuno hakikuwahi kusema neno. Kikaja kusema siku ya Jumanne, saa 11 alfajiri, mbele ya ndoo ya lita 10.

Ndoo yenyewe haikuwa hata imejaa. Ilikuwa na dagaa wabichi wa kitoweo, mvuvi ameniwekea ndani ya mtumbwi kama asante. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeshuka kwenye bajaji, usingizi bado uko machoni. Nikaingia majini mpaka vifundoni, mkono mmoja nimekusanya khanga isilowe, mkono mwingine nikaunyoosha kuvuka ukingo wa mtumbwi, nikaikamata ndoo, nikaanza kugeuka nayo nimpe binti aliyesimama nyuma yangu. Hapo katikati ya kuinuka na kugeuka, kitu kikalia ndani yangu kama kijiti kikavu. Sikuanguka. Nilibaki nimepinda vilevile, kama mtu anayetafuta hereni majini, na yule binti akawa ananisemesha: "Mama, mbona huniletei?"

Vijana wawili wa mizigo ndio walionitoa. Mmoja mabegani, mmoja miguuni, mimi nalia kila wanapopiga hatua. Yule wa mabegani, ambaye nimemlipa ujira wa kubeba magunia yangu tangu hajaota ndevu, akasema kwa upole kabisa: "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "leo gunia ni wewe. Tena gunia halina masikio, sijui nikushike wapi."

Siku sita nililala chini kwenye mkeka. Kila aliyekuja kunijulia hali alikuwa na ushauri ule ule: lala, usigeuke, mgongo uunge. Shangazi yangu alileta mkandaji aliyenichua kwa mafuta ya moto mpaka nikasahau jina langu. Kwenye zahanati moja nilipewa vidonge vya diklofenaki, nikaambiwa nisiondoke kitandani wiki mbili, na nikauziwa mkanda mpana wa kubana kiuno kwa shilingi 45,000. Mkanda ninao mpaka leo. Tulipohama nyumba niliufungia godoro, ukafaa sana.

Siku ya saba nilikuwa mbovu kuliko siku ya kwanza. Kwenda chooni ilikuwa safari ya Ukerewe kwa kasia. Mdogo wangu akachoka kunisikia, akanipeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia, mama wa makamo asiye na haraka. Alianza na maswali niliyoyaona ya ajabu. Mkojo unatoka vizuri? Haja kubwa unaihisi? Ukikaa, huku katikati ya mapaja pana ganzi? Miguu yote miwili ina nguvu? Una homa za usiku, unakonda, umewahi kuugua kifua kikuu? Nilijibu kwa aibu, maana mdogo wangu alikuwa amekaa pale pale. Baadaye akanieleza: chini ya uti wa mgongo kuna fungu la neva zinazokwenda kibofuni, njia ya haja na miguuni. Diski, yaani kimto laini kilicho kati ya pingili na pingili, ikitoka na kuzibana, mtu huhesabiwa saa, hahesabiwi siku, na tiba yake ni upasuaji wa haraka. Na kifua kikuu, licha ya jina lake, hupenda sana kujificha kwenye pingili za mgongo. Nje ya hayo na mengine machache, maumivu mengi ya kiuno hupungua yenyewe ndani ya wiki kadhaa.

Nilipomsikia akilini mwangu akaja kijana mmoja wa miaka ya nyuma wa pale mwaloni, mitumbwi inaposhushia mzigo, ambaye baada ya kushusha mbao alikaa siku mbili hajakojoa. Tulimchangia nauli aende kijijini kwao akatibiwe kienyeji. Tuliona ni mkono wa mtu. Anatembelea gongo hadi leo.

"Umelala siku ngapi?" yule mama akaniuliza. Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akanisimulia habari za Helsinki, kule Ufini. Mwaka 1995 watafiti walichapisha walichokiona kwa wafanyakazi wa jiji lile waliokuwa wameshikwa na kiuno: kundi moja waliambiwa walale siku mbili, kundi la pili wapewe mazoezi maalumu, kundi la tatu waendelee na shughuli zao kadiri maumivu yanavyowaruhusu. Waliopona upesi kuliko wote ni wale wa tatu. "Mgongo wako haujavunjika, kwa hiyo hauna cha kuunga," akasema. "Inuka utembee, dada. Polepole, lakini utembee."

Nikamuuliza swali lililokuwa limenikaa rohoni wiki nzima. Magunia yote yale, halafu ndoo?

Akachukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, akaniambia niikumbatie kifuani. Haina neno. Kisha ninyooshe mikono mbele nikiwa nimeishika. Haikupita hata dakika, kiuno kikaanza kunung'unika. Chupa ni ile ile. Misuli inayotuzuia tusiangukie mbele, akaeleza, inavuta kutoka sentimita kama 5 tu nyuma ya katikati ya pingili. Ukishika kilo 10 nusu mita mbele ya pingili hizo, misuli inalazimika kuvuta mara 10 ya uzito ule, kama kilo 100, na hapo hujahesabu kichwa, mikono na kifua chako mwenyewe vilivyoinama. Mvuto wote huo unaishia kwenye diski za kiunoni.

Mimi ni mtu wa sokoni, nikaelewa kwa lugha ya mizani. Kuna zile za zamani za kuning'iniza, zenye mkono mrefu wa chuma na jiwe linaloteleza. Jiwe dogo ukilisogeza mbali linainua gunia zima. Alfajiri ile ndoo ilikuwa jiwe, na gunia lilikuwa kiuno changu.

Akanionyesha mchoro unaotumika Uingereza kuwaongoza waajiri. Mwanamke akiwa amesimama wima, mzigo uko karibu na tumbo, kwenye kimo cha kiwiko, mchoro unasema kilo 16. Mwanamume 25. Ukishuka mpaka chini miguuni na kunyoosha mikono, namba ya mwanamke ni kilo 3. Tatu! Mwanamume 5. Ndoo yangu haikukosa kilo 8 au 9, nilikuwa nimeinama, mkono mmoja, tena nageuka.

Na kulikuwa na jambo la saa. Diski za mtu mzima hazina mishipa yake ya damu, hujilisha kwa kunyonya na kukamuliwa kama sponji. Usiku tukilala zinanyonya maji na kuvimba, ndiyo maana asubuhi kila mtu ni mrefu kuliko alivyokuwa jioni, kwa sentimita moja na ushei. Saa ya kwanza baada ya kuamka zimejaa tele, na kuinama wakati huo kunazikaza kuliko kuinama kule kule mchana. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani waliwafundisha watu wenye maumivu sugu ya kiuno wasiiname mapema asubuhi, basi, na maumivu yakapungua. Nilicheka, ikaniuma kucheka. Mitumbwi ya dagaa inavua usiku wa giza kwa taa na kurudi alfajiri. Mwalo mzima unaamka saa 10 usiku, unapanda bajaji na bodaboda, unafika na kuinama. Kazi nzito kuliko zote tumeipanga kwenye saa ambayo mgongo hauitaki.

Niliruhusiwa kurudi kazini kwa sharti kwamba nisikae sana na nisibebe. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza katika miaka 11, nilikuwa Mwaloni Kirumba sina la kufanya ila kuzunguka na daftari. Asiyepajua apate picha: dagaa wakavu wamerundikwa kama vichuguu, magunia yanaelekea Kongo, Rwanda, Burundi na mikoa yote ya nchi, Fuso zimegeuza matako, na katikati ya hayo yote vijana wanapita nusu mbio, gunia begani, wakipiga mluzi uwapishe. Miaka yote nilikuwa naona magunia yakitembea. Watu walio chini yake sikuwa nawaona. Wahenga wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi nilikuwa nimeisema methali hiyo harusini na misibani bila kujifikiria mwenyewe.

Kilichonishangaza kwanza ni kwamba kubeba kwenyewe si ndiko kunakoumiza sana. Mtu akishaliweka gunia vizuri na akanyooka, mzigo unakaa juu ya mwili wake, anatembea. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha vipimo vya wanasayansi waliowapima kinamama wa Kijaluo, majirani zetu wa ziwa hili hili, na wa Kikuyu. Wakiwa na mzigo usiozidi sehemu moja ya tano ya uzito wao, Wajaluo kichwani, Wakikuyu mgongoni kwa kamba ya kipajini, hawakutumia nguvu zaidi ya kutembea mikono mitupu. Ukizidi hapo, gharama inaanza kupanda. Kwa mwanamke wa kilo 60 hiyo moja ya tano ni kilo 12, yaani ndoo. Gunia halimo. Na shingo ina hesabu yake, lakini leo nazungumzia kiuno.

Balaa lilikuwa mwanzoni na mwishoni. Kiswahili kinaijua kazi hii kuliko bango lolote la usalama, kinatofautisha kuinua na kubeba, kutwika na kutua. Kutwika kunahitaji watu wawili: mmoja anatwikwa, mwingine anatwika. Kwa mtu mmoja peke yake tuna neno jingine, kujitwika, na angalia tunalitumia wapi. Kujitwika madeni. Kujitwika lawama. Sasa pale mwaloni, lori likiwa na haraka, kila mtu anajitwika. Anachuchumaa nusu, anavuta gunia lipande pajani, halafu anajizungusha kwa nguvu ili lirukie begani. Mtu akishika kiuno na kukunja uso, karibu kila mara ilikuwa kwenye mzunguko huo. Au kwenye kutua: amefika nyuma ya Fuso, miguu imesimama inaangalia lori, kiwiliwili kinapinda kulirushia pembeni.

Niliandika pia habari za "pinda magoti". Kila mtu anaijua hiyo. Kuna ghala niliwahi kupeleka mzigo, ukutani pamebandikwa picha ya mzungu mwenye kofia ya plastiki anachuchumaa vizuri mbele ya kiboksi, mgongo umenyooka kama rula. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiwapigia vijana kelele: pinda magoti wewe! Safari hii nikajaribu kuitazama picha ile ikifanyika. Kiboksi kinaingia katikati ya magoti. Gunia haliingii. Ukichuchumaa mbele ya gunia pana, magoti yanalisukuma mbele, na ukiwa umesoma habari ya jiwe la mizani unajua maana yake. Mzee mmoja wa pale, ambaye kwa umri ni baba yangu mdogo, nilimwamkia nikamuuliza kwa nini hachuchumai. Akaitikia "marahaba", akafikiri kidogo. "Mwanangu, nikichuchumaa mara mia kabla ya chai, nani atanibeba mimi kunirudisha nyumbani?"

Hakuwa anapinga sayansi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2008 hayakupata ushahidi kwamba kuwafundisha watu namna ya kunyanyua, peke yake, kunawapunguzia maumivu ya mgongo. Mikanda nayo ni hivyo hivyo: NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza afya kazini, ilitamka tangu 1994 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa inamkinga mtu mzima asiye na tatizo. Sisemi kunyanyua vibaya ni sawa. Nasema bango ni rahisi, linabandikwa mara moja, na linamwachia mbebaji kosa lote. Mwenye gunia hatajwi.

Mwenye gunia nilikuwa mimi.

Niliazima mizani ya jukwaa kwa jirani, nikapima gunia langu moja. Nilikuwa na uhakika halizidi kilo 60. Likasoma 87. Nikapima jingine, 84. La tatu lilikuwa limelala sakafuni siku za mvua, limenyonya unyevu, 91.

Wala sikuwa na haja ya kuuliza zimefikaje. Gharama zangu zote zilikuwa zinahesabiwa kwa gunia. Ushuru gunia, stoo gunia, Fuso gunia, kijana wa kubeba gunia. Ukiwa na akili ya biashara unafanya nini? Unaweka kijana ndani ya gunia ashindilie kwa miguu, unaunga kipande cha gunia jingine juu, unalivika kilemba, unashona. Kila kilo inayoingia juu ya 60 inasafiri bure mpaka inakokwenda. Bure kwangu. Nauli yake ilikuwa inakatwa kwenye kiuno cha mtu ninayemlipa shilingi 1,000, iwe amebeba 50 au 90.

Lumbesa, yaani gunia la kilemba kama hilo, imepigwa marufuku nchini miaka mingi, na Wakala wa Vipimo wanalipigia kelele jambo hilo kila msimu. Kikomo cha gunia la mazao ni kilo 100. Lakini ukiisikiliza vizuri hoja yenyewe, ni ya mkulima asipunjwe. Ni haki yake kabisa, ila kilo 100 ni kipimo cha bei, wala hakikutungwa kwa kuangalia mgongo wa mtu. Shirika la Kazi Duniani lilipokaa mwaka 1967 na kupendekeza kikomo cha mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima mmoja, lilitaja kilo 55. NIOSH wakipiga hesabu yao wanaanzia kilo 23, na hizo ni kwa mzigo ulio karibu na mwili, kwenye kimo cha sentimita 75 kutoka chini, una mahali pazuri pa kushika, na mtu hageuki. Kila sharti moja likikosekana, wanapunguza. Nikiweka gunia langu la sakafuni kwenye hesabu hiyo, napata mzigo wa kumpa mtoto.

Watu wa ziwa hili hatuhitaji kufundishwa habari za kuzidisha mzigo. Tarehe 21 Mei 1996, siku meli ya MV Bukoba ilipozama, iko kwenye familia zetu. Leo hata kwenye mtumbwi wa kisiwa cha Kome mtu atapiga kelele maji yakikaribia ukingo. Tatizo la mgongo ni kwamba hauna ukingo unaoonekana.

Na usitegemee sana kwamba sheria itamkuta kijana wa gunia. Ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya 2003, na ipo ya fidia kwa wafanyakazi ya 2008 iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Zinamtafuta mwajiri. Sasa kijana aliyebeba kwangu saa 12 asubuhi, saa 2 yuko kwa mwingine, saa 4 anashusha saruji, mifuko ya kilo 50, mwajiri wake nani? Ukimuuliza atakuonyesha gunia.

Nilianza na gunia. Nilishona yangu ya kilo 40, hakuna kilemba. Kilo 23 sikuthubutu, ningefunga biashara, nalisema wazi. Ugomvi ulianzia kwenye ujira. Mimi nilifikiri gunia likiwa nusu na malipo yawe nusu, shilingi 500. Vijana wakaniuliza: na miguu? Safari zimekuwa mbili, ubao tunaupanda mara mbili. Walikuwa sahihi. Tukaelewana shilingi 600. Wenye Fuso ndio walikuwa wagumu, kwao gunia ni gunia, ukileta mia mbili ulipie mia mbili. Dawa waligundua vijana wenyewe: magunia yanabebwa moja moja, yakishafika juu ya lori yanafungwa mawili mawili kwa kamba, yanaitwa mapacha, na mapacha wanahesabiwa mmoja. Dereva wa kwanza alicheka sana akakubali. Wa pili alikataa, nikabadilisha dereva.

Kitu cha pili hakikunigharimu karibu chochote, na ndicho ninachokipenda zaidi. Mji huu hauna uhaba wa mawe. Tulipanga mawe, tukaweka mbao nzito juu, tukapata jukwaa la kimo cha kiunoni. Gunia linajaziwa hapo, linashonwa hapo, halishuki tena chini. Kijana anakuja, anageuza mgongo, anapinda kidogo mno, mwenzake anamsogezea, linakaa begani. Hakuna kuchuchumaa wala kuruka pajani. Faida ambayo sikuitegemea ni unyevu: gunia lisilogusa sakafu linabaki kavu, na mnunuzi wangu wa Kongo siku hizi hachomi mkono ndani mara tatu kabla ya kulipa.

Masikio nayo. Wakati wa kushona tunaacha pembe mbili za juu, tunatia dagaa kiganja kimoja kila pembe, tunafunga kwa kamba. Mtu anapata pa kushika. Wazee walikuwa wanafanya hivyo, sisi wa haraka tukaacha. Yule kijana aliyenibeba ndiye alidai yarudi, na hakushindwa kunikumbusha kwa nini.

Kuhusu kugeuka nilihangaika. Ukimwambia mtu "usizungushe kiuno, geuza nyayo" anaitikia, na gunia la tatu amesahau. Yule mama wa fiziotherapia alinipa ujanja: usimfundishe, mzuie. Nikasogeza Fuso. Zamani lilikuwa linakaribia jukwaa kabisa, tukidhani tunaokoa hatua, kumbe umbali mfupi ule ndio unaomfanya mtu abaki amesimama apinde kiwiliwili tu. Sasa linasimama hatua tatu. Huwezi kufika bila kutembea, na ukitembea umeshageuka mwili mzima. Siku ya kwanza watu wa vibanda vya jirani walidhani ndoo ilinigonga kichwani.

Toroli nililonunua lilishindwa, magurudumu yake madogo yalizama mchangani kama misumari. Mazoezi ya asubuhi ya kuinua mikono tulifanya siku mbili, siku ya tatu kila mtu alikuwa anamtazama mwenzake. Kilichobaki ni kwamba nusu saa ya kwanza hakuna gunia: tunafagia, tunakunjua maturubai, tunakunywa chai tukiwa tumesimama. Ndoo za mtumbwini zinajazwa nusu na kupokezwa mkono kwa mkono, watu wamejipanga. Hakuna anayenyoosha mkono kuvuka ukingo. Hilo nalisimamia mwenyewe, kwa sauti.

Yule mzee ndiye aliyenishinda. Kilo 40 aliziona kama matusi. Alichukua mawili kwa pamoja, bega moja, akaenda hivyo hivyo mpaka kwenye Fuso, akarudi anapumua. Nilimfuata pembeni, nikamwambia, "Baba, nimepunguza kwa ajili yenu." Akanijibu bila hasira kwamba ameelewa, na anashukuru, lakini mimi nimeweka shilingi 600 kwa gunia, na yeye ana wajukuu wawili sekondari. Akibeba mawili kwa safari moja, saa 3 anakuwa amemaliza kwangu na kuwahi mzigo wa saruji. Sikuwa na jibu. Niliyeweka bei iliyomfanya abebe mapacha ni mimi, kama nilivyoweka ile ya kwanza. Nimejaribu kuwalipa wote kwa siku nzima badala ya gunia, tulifika wiki mbili, magunia yakachelewa lori, tukarudi kwenye gunia. Tunaendelea kupimana.

Kiuno changu ni kizima kwa sehemu kubwa. Kikilala vibaya kinanikumbusha. Natembea kutoka nyumbani mpaka mwaloni siku hizi, dakika 25, giza bado, taa za hospitali ya Bugando zinaonekana kule kilimani, na nikifika sikimbilii mtumbwi wa mtu.

Mizani nilishairudisha kwa jirani, nikanunua yangu. Juzi mbalamwezi imeisha, giza limeanza, mitumbwi imerudi na mzigo mzuri. Tukapandisha gunia la kwanza juu ya mizani, likasoma kilo 41. Nikasema sawa, shona. Yule kijana wangu akawa amesimama, mkono juu ya sikio la gunia, hashoni.

"Mayu," akasema, "hii moja ya juu analipa nani?"